Fimbo Mbili kwenye Uwanja wa Ndengu

Mpendwa mama,

Kabla ya kukuzika tuligombana. Najua hutashangaa. Ulizoea kusema kwamba mtoto wako anaweza kugombana na jiwe mpaka jiwe liombe msamaha. Safari hii tuligombania mahali pa kukulaza, na nataka uipate habari hiyo kwangu. Barua naiacha wazi, asome anayetaka. Maisha yenu yamefunikwa vya kutosha.

Kwa ajili ya wasiokujua, niseme jambo lenyewe bila kuzunguka: Susu alikuoa. Alikuwa mjane wa upande wa Mwingi, mwenye shamba na mifugo, lakini hakujaliwa mtoto. Kwa desturi yetu Wakamba, mwanamke kama huyo anaweza kuoa mwanamke mwenzake ili boma lake lisizimike. Alipeleka mbuzi na ng'ombe kwa babu, nawe ukaja kuwa iweto wake, ndivyo aolewaye hivyo anavyoitwa. Nikazaliwa mimi. Wewe nilikuita mama, yeye nikamwita Susu, yaani nyanya. Aliyenizaa nawe ni nani hukuniambia, na mimi, mtu wa maswali, sikuona pengo la kuulizia.

Nikifumba macho naona uwanja wa kupuria. Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa sijaanza shule. Mmeusiriba uwanja kwa kinyesi cha ng'ombe, umekauka na kung'aa. Ndengu zimerundikwa katikati. Susu amesimama upande mmoja na fimbo yake ndefu, wewe upande wa pili na yako, mmetazamana. Yeye akishusha, wewe unainua. Hamkuwahi kugongana fimbo.

"Unapiga kama unabembeleza mtoto," Susu alikuwa akisema.

"Na wewe unapiga kama ndengu zimekutukana."

Mlicheka bila kuacha kupiga. Maganda yaliruka, lakini hayakuruka kila upande. Kwako hayakupita, kwake hayakupita, kwa kuwa mlikuwa mmeziba njia kwa miili yenu. Yalitoka kushoto na kulia, yakatua chini kama mabawa mawili makubwa ya kipepeo. Kazi yangu ilikuwa kuyafagia mabawa hayo, na nililalamika kila mara kwamba nayaharibu.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha fizikia kule Emali, niliona picha katika jarida nikayatambua mabawa yangu. Unakumbuka nilikuletea likizoni? Uliketi kivulini ukichambua mbaazi, nikakuwekea picha juu ya ungo.

"Ni kipepeo," ulisema.

"Ni nyota inayokufa, mama."

Nikakueleza. Nyota iliyo kama jua letu ikizeeka haizimiki ghafla. Inavimba, inakuwa nyekundu, halafu inaanza kumwaga hewa yake nje, pumzi baada ya pumzi, mpaka kinabaki kiini kidogo cheupe. Ikiwa peke yake, hewa hiyo ingetoka sawasawa pande zote na kutanda mviringo kama mpira. Lakini nyota nyingi haziko peke yao. Kila moja ina mwenzake, wanazungukana. Mara nyingi mwenzake ni mdogo, amefifia, haonekani hata kwa darubini kubwa. Huyo mdogo huivuta ile hewa, huikoroga, huirundika kiunoni mwa mkubwa kama mshipi. Pumzi zinazofuata zikifika kwenye mshipi hukuta njia imezibwa, basi hutokea pande mbili zilizo wazi. Ndiyo mabawa. Pengine mkubwa huvimba hata akammeza mdogo, wakaendelea kuzungukana ndani ya vazi moja.

Nilikuambia pia kwamba wasomi bado wanabishana kama mwenza ndiye sababu ya maumbo yote hayo, ila mimi nimeshachagua upande.

"Wewe lini hujachagua?" Ukaondoa picha kwenye mbaazi. "Na huyo mdogo anafaidika nini?"

"Baadhi ya ile hewa inamwangukia. Anaipokea."

"Basi si mjinga," ulisema, ukaendelea kuchambua.

Mama, Susu alizeeka hivyohivyo. Wengine wakizeeka hufunga mkono, yeye aliufungua. Ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, ghala lake lilikuwa wazi kwa kila mpita njia, na wewe ndiwe uliyesimama mlangoni. "Huyu ana wana watatu Nairobi, aende. Yule mjane aingie." Alitaka kumgawia yeyote anayeomba kipande cha shamba, ukamzuia, mpaka kikatolewa kimoja tu, kiwanja cha kanisa. Alitaka kuuza ng'ombe awape wajomba mtaji wa duka, ukamwambia auze alipie karo wasichana wa jirani. Alinung'unika, "Umenikalia kiunoni wewe!" kisha akafanya ulivyosema. Leo wajane wale wako hai na wasichana wale ni wauguzi na walimu. Watu wanauona ukarimu ule na umbo lake, wanasema: Susu alikuwa mtu mkubwa. Naam, alikuwa mkubwa. Lakini umbo lile hakulifanya peke yake.

Ndiyo maana siku ya mazishi yake nilitaka kusimama. Mchungaji alisoma wasifu: marehemu alibaki mjane maisha yake yote, hakuwa na mwenza, akatunzwa uzeeni na msichana wake wa kazi. Msichana! Nywele zako zilikuwa nyeupe kabisa. Nilikuwa nimeshainuka nusu, maneno yamepanga mstari, ukanishika kifundo cha mkono.

"Kaa. Leo ni siku yake. Usiifanye yako."

Nikakaa. Mkono wako ulikuwa na nguvu za fimbo bado. Nimeandika magazetini dhidi ya machifu, wabunge na maaskofu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuninyamazisha kama vidole vile.

Juma hili vidole vile vilikuwa baridi. Nilipotaka uchimbiwe kaburi kando ya Susu, wazee wa kanisa walikuja uani wakakataa. Walisema urudishwe kwa kaka zako, ng'ambo ya mto, kwa sababu hapa hukuwa mke wa mtu. Kanisa, walisema, haliwezi kubariki jambo ambalo Maandiko hayalijui. Hayo waliyasema wakiwa wametoka kusali katika kiwanja alichotoa Susu.

Nilizungumza, mama, na hapakuwa na wa kunishika. Niliwataja Ruthu na Naomi. Niliwakumbusha ni nani aliyewapa mahindi. Niliwaita wanafiki mara mbili, na mara ya pili kwa Kikamba. Hata nyota nilizileta. Mzee mmoja akacheka, "Mwalimu, punguza. Hapa tunataka shimo, hatutaki mbingu."

Niliishiwa. Nilisimama pale kama jiko la mafuta lililoziba tundu.

Ndipo Mzee Kilonzo akasema. Ni jirani yetu wa ukuta, tena mzee wa kanisa, na alikuwa amekaa upande wao tangu asubuhi. Hakuinuka hata kwenye kiti.

"Mimi shamba langu limepakana na hili tangu nioe," alisema. "Wakati wa ndengu tulikuwa tunasikia fimbo mbili. Ta-ta, ta-ta. Mke wangu alikuwa ananiambia, hao wanaelewana kuliko sisi. Susu akafa, tukasikia moja. Ta. Ta. Mke wangu alifunga dirisha, alikuwa hawezi kuvumilia." Akamgeukia mchungaji. "Kama alikuwa mfanyakazi, mfanyakazi hafanyi mtu afunge dirisha. Wachimbe hapa."

Vijana walichukua majembe. Mchungaji alisali sala fupi, macho yake chini, na msalaba una jina lako na neno moja: mwenza. Mko kiuno kwa kiuno tena.

Nilidhani nikishinda nitasikia raha. Nimezoea raha hiyo. Lakini wageni walipoondoka niliingia ghalani, nikaikuta fimbo yako imesimamishwa karibu na yake. Ndengu zako za msimu huu zilikuwa bado ndani ya maganda. Nikazimwaga uwanjani, nikaanza kupiga.

Nilipiga vibaya, ungecheka. Baada ya kila pigo nilijikuta nasubiri la pili. Upepo ulikuwa umelala. Nilipochoka nikatazama chini, na makapi yalikuwa yameanguka mviringo, pande zote sawa, nami katikati.

Sikuyafagia. Lala, mama. Mlalie Susu ubavuni, upande wako wa siku zote.

Ni mimi, mfagiaji wa mabawa yenu,
binti yako, na wake.