Dizeli Niliyomuuzia Abti

Alhamisi, Tarbaj. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo unapuliza vumbi mpaka ndani ya chai. Nimechoka, lakini moyo umetulia kidogo kuliko jana.

Jumatatu mashine ya kisima ilizima. Ndiyo inayovuta maji ya watu na mifugo wa upande huu wote, na anayeitunza ni Abti Daud, yaani mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Ameitunza tangu nikiwa msichana wa shule. Jumanne ngamia walipiga magoti kuzunguka birika kavu, na kina mama wakasubiri na mitungi yao mpaka adhuhuri, wakarudi nayo mitupu.

Abti aliiambia kamati ya kisima kwamba kosa ni lake. Alidhani hakufunga vizuri tangi alipolisafisha, maji yakaingia kwenye dizeli. Kamati ikaanza kutafuta mtu mwingine, mwenye umri mdogo.

Jana fundi kutoka Wajir aliifungua mashine. Akaniita mimi, maana kituo cha mafuta hapa ni changu, na dizeli ya kisima hununuliwa kwangu. Chujio lilikuwa limefunikwa na utando mzito kama gundi. Akasema maji hayafanyi hivyo. Dizeli yenyewe ni mbovu.

Nilirudi kituoni nikateka kidogo kwenye glasi. Ilikuwa na ukungu. Nikaiacha saa nzima itulie, ukungu ukabaki.

Nikaanza kupiga simu. Dereva wa lori akasema yeye hubeba alichopakiwa tu. Watu wa bohari wakanielekeza kwa mwagizaji. Mwagizaji akanieleza kwa upole kwamba shehena ilipimwa ikiwa bado melini, na cheti kipo. Hata mimi ninacho cheti hicho, kina muhuri mzuri. Hakuna aliyeniomba nimpelekee hata chupa moja aione.

Nami niandike ukweli wangu.

Kila lori likija, huwa natazama mafuta kwenye glasi kabla ya kuyapokea. Ndivyo nilivyofundishwa. Siku ilipoletwa dizeli hii lori lilichelewa, magari yalikuwa yamepanga foleni, nikatia sahihi bila kutazama.

Nilifunga pampu, nikawapigia wote niliowauzia. Alasiri nikaenda kwa Abti.

Nilimkuta ameketi mlangoni akipangusa spana zake mojamoja, kama mtu anayetaka kuzikabidhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakatoka machache: "Abti, si wewe. Ni dizeli yangu, na sikuitazama."

Aliiweka spana chini. Nikangoja anikaripie.

"Alhamdulillahi," akasema polepole. "Abti, nilidhani akili imeanza kuniacha. Siku tatu najaribu kukumbuka kama nilifunga lile tangi, na sikumbuki."

Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo moja. Akaushika mkono wangu, ukinuka mafuta vile vile, akakaa nao. Aliyelia ni mimi.

Leo asubuhi kamati ilikutana kando ya birika. Nikasimama nikarudia yote mbele ya wazee na kina mama, nikasema matengenezo ni juu yangu. Bibi mmoja, ambaye mbuzi wake wawili wamekufa kwa kiu, alinikazia macho. Sitausahau uso ule. Mwenyekiti akamwomba Abti radhi. Fundi alikuwa ameshabadilisha chujio na kuleta dizeli safi kutoka Wajir, na Abti mwenyewe ndiye aliyewasha mashine. Maji yakatoka kabla ya adhuhuri.

Chupa mbili za ile dizeli nimezifunga. Jumatatu nazipeleka mwenyewe kwa wakaguzi wa mafuta, pamoja na barua inayotaja lori, bohari, mwagizaji, na jina langu kama mtu aliyetia sahihi. Wakinionyesha cheti tena, nitakaa pale pale mpaka mtu afungue chupa.

Swali moja tu linanisumbua. Kama mtunza mashine angekuwa mtu baki, si kaka wa mama, ningekwenda kumwambia upesi hivyo?

Nataka kuandika ndiyo. Bado sijaweza.