Maskini Anayembakishia Ndama

Abba wangu mpendwa,

Salaam aleikum huko ulikolala. Leo asubuhi redio imenichekesha nikinyonyesha, mpaka mjukuu wako Amina, anayekaribia miaka miwili, akaachilia titi kuniangalia. Mtu alikuwa anaeleza eti Kenya inatenga sehemu ndogo ya mapato yake kwa uwekezaji kuliko nchi zingine ambazo ni maskini kutushinda. Nikasema, haya, hiyo ni habari mpya? Abba aliniambia nikiwa na miaka tisa.

Unakumbuka? Ulinipeleka na lori lako mpaka Moyale, tukavuka upande wa Ethiopia. Mimi nikaanza mdomo: "Abba, hawa watu hawana kitu! Punda ni wengi kuliko magari!" Ukanigeuza kichwa kwa mkono, polepole. "Ukimaliza punda, angalia nyuma yao." Barabara ilikuwa inachimbwa, nguzo za umeme zinasimamishwa. Ukasema, "Sisi tunakula kuwashinda. Wao wanajenga kutushinda."

Sikuelewa. Nilielewa safari nyingine, tulipoenda Biliqo kwa shangazi. Alikuwa na ngamia mmoja tu wa maziwa. Akakamua chuchu mbili, mbili akamwachia ndama, vile watu wetu hufanya. Na sisi tulikuwa na kiu! Jirani yake mwenye ngamia wengi alikuwa anakamua zote nne, na ndama wake walikuwa mbavu tupu.

"Sasa tajiri ni nani hapa?" ukaniuliza.

Nami nikakuuliza nchi ina chuchu ngapi. Ulicheka mpaka chai ikakutoka puani.

Sasa sikia, Abba. Siku hizi nauza maziwa ya ngamia hapa mjini, mimi na akina mama wa kikundi. Jua likiwaka, maziwa yanaharibika kabla basi la Nairobi kuondoka. Wiki iliyopita nilimwaga mara mbili. Nikizidi kumwaga, biashara yangu imekwisha. Kwa hivyo Ijumaa tulikaa kuamua: akiba yetu tugawane kwa ajili ya Idd, ama tununue friza kubwa?

Mama Halima, mwenyekiti wetu, akasema, "Kuwekeza ni kwa matajiri. Sisi maskini wacha tule Idd yetu."

Nikasimama, Amina mgongoni.

"Ai! Darasa la sita anatufundisha uchumi!" mmoja akanitania.

"Mimi nimesomea kwa lori," nikamjibu. Wakacheka. Ndipo nikawaambia mambo ya Moyale na ya ngamia wa shangazi.

Mama Halima akanikazia macho. "Yaani shangazi yako aliwanyima wageni maziwa?"

"Alitupa kidogo, mama. Lakini yule ndama leo ana watoto wanne."

Halafu mikono ikaanza kuinuka. Wa Mama Halima ulikuwa wa mwisho, naye amenuna: "Sawa. Lakini hiyo Idd mtanipikia nyinyi!"

Ningependa ungekuwa mlangoni, Abba, umeegemea vile ulikuwa unapenda. Nilikukosa siku hiyo kuliko siku ya msiba.

Friza inakuja Jumatatu. Gauni jipya la Idd la Amina hakuna. Nimeshusha pindo la lile la mwaka jana. Amina amelivaa, akazunguka, akajipigia makofi mwenyewe.

Mungu akuangazie kaburi lako.

Binti yako,
Qabale, mama ya Amina