Kadi Tatu Zenye Jina Lako

Gathogo, rafiki yangu,

Juma lililopita kulikuja mtu mwenye viatu safi. Hakuja kununua vifaranga. Alitembea kando ya ua kutoka getini hadi kwenye tangi la maji, akihesabu hatua, midomo ikicheza. Unajua hapa Murera mtu akihesabu hatua kwenye ploti ya mwenzake anatafuta nini. Nilipomuuliza anamtaka nani, akasema anapita tu. Anapita tu, ndani ya ua wetu!

Naanza na huyo kwa sababu tangu tukuzike sina mtu wa kumweleza ninayoyashuku. Wewe ulikuwa ukinisikiliza mpaka mwisho, halafu unasema, "Mwalimu, funga darasa, mayai yanapoa."

Siku mbili baadaye, binti yako Wanjiru akaja kutoka Ruiru na karatasi nne kubwa na kadi za manila. Sehemu yako ya biashara yetu ya kuangulia vifaranga ni yake sasa, na hilo sina neno nalo. Akasema kwamba kabla ya kuamua kama ataiacha hapa au ataiuza, tukae sisi watatu, yeye, mimi na Nekesa, tufanye SWOT. Moyoni nikasema, anataka tuandike makosa yetu kwa mkono wetu, ili akiuza asilaumiwe.

Ungeniuliza SWOT ni nini, kwa hiyo nikueleze. Herufi ni za Kiingereza lakini ni maswali manne tu. Mawili yanahusu ndani ya kazi: tuna nguvu gani, na tuna udhaifu gani? Mawili yanahusu nje: kuna fursa gani, na kuna tishio gani? Watu wengi huchanganya. Stima ikipotea hilo ni tishio, maana si sisi tunaoizima. Kukosa jenereta ni udhaifu, maana ni sisi tuliosema tutanunua mwaka ujao, kila mwaka. Na ukishaandika bado hujapanga kitu. Kupanga ni kuuliza nguvu ipi itaikamata fursa ipi, na udhaifu upi utaliachia tishio mlango.

Nisikufiche, hata Nekesa nilikuwa namshuku. Ulimleta kutoka Bungoma afanye kazi wiki moja, akabaki miaka. Ana kijitabu anachokificha kwenye aproni. Anaandika kila akigeuza mayai, na nikiingia anakifunga. Siku moja nilimkuta amefumba macho, yai liko juu ya kope, vile ulivyokuwa ukifanya kupima joto uliposema kipimajoto kinadanganya. Nikajua anaiba ujuzi akafungue mashine yake ya kuangulia. Niliacha mkoba wangu pale mezani makusudi, nione kama atagusa. Hakugusa. Hilo likanitia shaka zaidi.

Basi tukakaa chumba cha kupakia, juu ya makreti. Wanjiru akasema tusiandike majina kwenye kadi, kila mtu awe huru. Alisahau kwamba nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, yake yakiwemo. Nilijua nani kaandika nini kabla wino haujakauka.

Fursa: watu wanaojenga hapa Murera wanataka kuku wachache wa nyumbani, na kampuni kubwa hazimuuzii mtu vifaranga kumi. Hiyo ilikuwa ya Nekesa, na ilikuwa nzuri. Tishio: kampuni moja kubwa inafungua duka la vifaranga Thika. Hiyo ya Wanjiru. Kisha tukageuza kadi za nguvu.

Zote tatu zilikuwa na jina lako.

Wanjiru aliandika "Baba." Nekesa aliandika "Mzee Gathogo." Mimi, kwa mwandiko wa ubaoni, niliandika "Ujuzi wa Gathogo." Hatukuwa tumeshauriana. Halafu binti yako akainuka, akazibandua moja moja kutoka karatasi ya nguvu, akazibandika kwenye ya udhaifu. Karatasi ya nguvu ikabaki tupu, na alama za gundi.

Sikuweza kuvumilia. "Wanjiru, unamhamisha baba yako?"

"Mwalimu, hayuko," akasema. "Ni wewe ulinifundisha jibu lisilo sahihi likatwe hata kama limeandikwa vizuri."

Maneno hayo ni yangu kweli, Gathogo.

Nikageukia karatasi ya tishio nikaona kadi ambayo sikuwa nimeisoma: "Mwalimu naye akienda." K pana, kama kiti kilichokunjuliwa. Nekesa. Hata kwenye hasira nilitaka kumsahihisha, kwamba hilo liko ndani kwa hiyo ni udhaifu. Lakini nikasema, "Kumbe mnaningoja nife. Lete hicho kijitabu!"

"Ai, Mwalimu! Nani anakungoja?" akasema, machozi karibu. "Chukua. Soma yote."

Nilisoma. Ni wewe, ukurasa baada ya ukurasa. Mzee amesema leo mashine ikinguruma kama mtu aliyenyimwa chai, fungua tundu la juu. Mzee amesema siku ya kumi na nane usiguse tena mayai hata ukitamani. Mzee ameweka yai kwenye kope, akasema liwe kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini. Nekesa alianza kuandika ulipoanza kukohoa. Alikuwa anakificha kwa sababu ulimwambia hutaki kuandikwa kama mtu anayekufa.

Mwishoni kulikuwa na ukurasa wenye kichwa "Mwalimu." Chini yake hakuna kitu.

Nikamuuliza mbona mtupu. "Mwalimu, wewe unatueleza kila kitu. Katiba, sayari, hata sababu ya kuku kulala na mguu mmoja juu. Lakini mayai yakipungua unampigia nani? Yule muuza mayai wa Gitothua, mbona mara nyingine unamkataa? Hujawahi kusema."

Ni kweli. Sijawahi. Hata wewe sikukwambia jinsi nilivyojua ni nani anachanganya mayai ya jana na ya wiki mbili. Nilijua kwa sababu namshuku kila mtu, na nilidhani hiyo ni tabia tu.

Wanjiru alikichukua kijitabu akakisoma dirishani, akiwa ametupa mgongo. Nilimuuliza kuhusu mtu wa viatu safi. Hakukana. "Nilimtuma mimi. Nilitaka kujua pangeuzika vipi." Kisha akasema ataiacha sehemu yako hapa mpaka tuangue mara tatu. Kama mimi na Nekesa tutaangua vizuri bila wewe, anabaki na sisi. Kama sivyo, atauza, na hatataka tulie.

Akang'oa kadi moja kwenye udhaifu, ile yake ya "Baba." Nilidhani atairudisha kwenye nguvu. Akaitia kwenye mkoba wake akaenda.

Sasa kwaheri, Gathogo. Nakuahidi ukurasa wangu utajaa. Jana nimemwambia Nekesa juu ya mtu wa Gitothua, na kwa nini mayai yake tuyaangalie kwa tochi mara mbili. Aliandika nikiongea, na sikumwambia afunge. Nilijaribu pia kuweka yai kwenye kope. Sikuhisi shavu la mtoto yeyote, ila Nekesa anasema nilibonyeza sana.

Wanjiru bado namchunguza kidogo. Usinikataze, ndiyo kazi yangu.

Yaliyo ndani ya mashine leo yako siku ya kumi na saba. Leo tumeyageuza mara ya mwisho; kuanzia kesho hatuyagusi. Lala bila wasiwasi; darasa nimelifunga, na mayai hayatapoa.

Mwenzako,
Mwalimu Njoroge