Wifi Amechoka Kusubiri Toleo Lijalo

Kosa la wengi wanaotunza kompyuta za ofisi ni kudhani kwamba mfumo imara ni mfumo usioguswa kabisa. Msomaji huyu analo kosa hilo, na sasa limemfuata hadi nyumbani.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefura kwa hasira, mimi ni fundi wa kompyuta katika kampuni ndogo ya vitabu vya shule, na kompyuta zetu zote zinatumia mfumo wa Linux, toleo lile imara lisilobadilishwa mpaka jingine litoke, ndiyo maana tunafanya kazi kwa amani, sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mchoraji hapo hapo, kila mara ananiomba nimwekee programu mpya ya kuchorea nami namjibu asubiri toleo lijalo, juzi akaniambia mbele ya watu, "Wifi, hiyo 'subiri' yako itanikuta na mkongojo," wakacheka wote, nikaondoka zangu, kumbe akatumia nenosiri la usimamizi nililompa siku moja aunganishe printa, akaichota programu yake mtandaoni, kwenye ghala la programu za toleo ambalo bado linatengenezwa, ikaja na vipande vyake vya msingi vikakanyaga vya kwetu, sasa kompyuta yake haiwaki na kitabu cha sayansi kilichokuwa tayari kwenda kiwandani kuchapwa kimekwama humo, mkuu wa kampuni anataka kumfukuza na anasubiri neno langu, mume wangu naye anasema, "Ukimponza dada yangu tutaonana," jamani, kwani mimi ndiye niliyemtuma?

Fundi Mwenye Hasira

Fundi, pole. Alichofanya wifi yako ni kubomoa msingi wa nyumba ili abadilishe pazia, na umwambie hivyo usoni, bila kumbembeleza.

Lakini na wewe! Mtu anakuomba kalamu, unamwambia asubiri nyumba mpya? Na nenosiri lililobaki mikononi mwa mchoraji tangu siku ya printa, huo uzembe ni wa nani?

Nikueleze taratibu. Kinachotakiwa kutulia ni msingi. Programu ya kuchorea hukaa juu yake, na inaweza kuwa mpya bila kuugusa. Matoleo mengi imara yana ghala la pembeni, lenye programu mpya zilizoundwa upya ziendane na mfumo ulionao, na haziingii mpaka uziite mwenyewe. Ukiikosa humo, tafuta ile iliyofungwa pamoja na vipande vyake vyote, ikae kando ya ile ya zamani. Ijaribu kwenye kompyuta moja, hakikisha michoro inayochorwa humo inafunguka kwenye kompyuta za wachoraji wengine, kisha mpe anayeihitaji. Asiyeihitaji, kama mhasibu wenu, mwache na kompyuta yake ilivyo. Ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya, dada, na "subiri" si kazi.

Kitabu huenda kiko salama: iwashe kompyuta hiyo kwa mfumo ulio kwenye flashi, uyatoe mafaili, ndipo uuweke upya mfumo.

Kinachoniudhi ni huo ukimya wako mbele ya mkuu. Ukiendelea nao, atafukuzwa aliyeomba ruhusa, abaki aliyekataa hata kutafuta. Leo, kabla hujatoka ofisini, ingia kwa mkuu umwambie kwamba wifi yako alikuomba mara nyingi, kwamba njia salama ilikuwepo, na kwamba wewe hukumwonyesha.