Kadi za Rayford Tisdale

Tollefson, Iowa
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Arlys,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya neno lolote niambie goti linaendeleaje. Corinne alinieleza kwamba daktari amekuruhusu kupanda ngazi bila fimbo, nami nikafurahi, ingawa nakujua: asingekuruhusu ungejiruhusu mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri mwaka huu, mashine za kuvuna zinanguruma tangu asubuhi, na vumbi limetuingilia hadi kwenye vikombe vya kahawa. Mke wangu Corinne amepika jemu ya tufaha chupa ishirini na mbili. Yule paka uliyetuachia amenenepa kiasi kwamba sasa anawatazama panya tu, hawafuati.

Najua umeshangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa ule upole wako, nami ningeshukuru kukatizwa. Nakuomba uisome hadi mwisho, hata ukikasirika njiani.

Habari za kadi zangu za besiboli unazijua. Umenicheka miaka mingi, mzee mzima anayekesha na picha za wachezaji kama mtoto wa darasa la nne. Ulikuwa na haki. Ilianza kwenye mnada wa shamba la marehemu Ostby, miaka kumi na sita iliyopita. Nilikwenda kutafuta jeki ya trekta, nikarudi na boksi la viatu limejaa kadi, nililolipata kwa dola nne kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua mkono. Corinne akaniuliza jeki iko wapi. Hayo yote nilikwisha kukusimulia, na tulicheka. Nisichokusimulia ni kwamba nilipozimwaga zile kadi mezani, katikati ya sura mia kadhaa nisizozijua, nilimkuta Rayford Tisdale.

Jina hilo hujalisahau. Ndiye yule kijana wa timu ya ng'ambo ya mto, aliyepigwa usoni na mpira niliourusha mimi, Julai 1984, akapoteza jicho la kushoto.

Kadi yake ilikuwa ya zile zilizochapishwa na kampuni moja ndogo mwanzoni mwa msimu, zikauzwa uwanjani katika mifuko, timu nzima kwa mfuko mmoja. Ina mpaka wa kijani. Amesimama na gongo begani, kofia imekaa upande kidogo, anacheka. Nyuma wameandika kwamba ana miaka kumi na minane, kwao ni Arkansas, anapenda kambare wa kukaanga, na akifika ligi kubwa atamjengea mama yake nyumba yenye baraza. Niliisoma mara tatu. Sikuweza kuirudisha ndani ya boksi, wala sikuweza kuichoma. Nikaifukia kwenye droo ya soksi.

Baada ya hapo nikaanza kuzitafuta. Kwenye minada ya mtandaoni watu wanaosafisha dari za wazazi wao huuza kadi kwa mafungu, elfu nzima kwa bei ya chakula cha mchana, wala hawaangalii kilichomo. Nilijifunza kuutambua ule mpaka wa kijani hata kwenye picha yenye ukungu, ukijitokeza kona moja tu chini ya kadi nyingine. Nilimpata mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye ile kampuni, akaniambia kwamba ya timu ile walichapisha mifuko mia tano tu. Nikajiambia: basi nitazipata zote mia tano. Unanijua, Arlys. Baba alikuwa akisema kwamba mimi nikiuma sitafuni wala sitemi.

Nilipopata kadi ya nyota mkubwa ndani ya fungu, sikuiuza. Niliitunza nibadilishane na watu. Yupo fundi umeme mmoja wa Cedar Rapids, Duane Pribyl, mwenye kadi kupita mtu yeyote ninayemfahamu. Kila mara alinipa Tisdale, naye akachukua kadi yenye thamani mara mia. Siku moja kwenye maonyesho, mbele ya watu, akaniambia, “Orrin, katika Iowa nzima ni wewe peke yako unayetoa farasi ukapewa punda, na asante juu.” Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamtia punda wangu mfukoni. Kufikia Krismasi iliyopita nilikuwa nazo mia mbili na kumi na moja.

Nilijiambia kwamba ni heshima: sitaki uso wa kijana yule uuzwe senti kumi kwenye meza za mnada. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba kila kadi niliyoifungia nyumbani kwangu ilikuwa imepungua moja huko nje, mahali ambapo mtu angeweza kuiokota na kuuliza yule kijana aliishia wapi.

Mwishoni mwa Agosti likatokea fungu lenye Tisdale watatu. Niliweka bei yangu ya kawaida nikaenda kukata majani. Niliporudi, mtu alikuwa ameipita. Katika miaka kumi na sita jambo hilo halijawahi kutokea. Nikaongeza, akaongeza. Nikaongeza tena, naye papo hapo akapanda juu yangu, mpaka zile karatasi tatu zikafikia bei ya tairi la lori, na mnada ukafungwa akiwa mbele. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamwandikia, nikamwambia nitampa kadi ya nyota yeyote atakayeitaja, aniachie wale watatu.

Alinijibu kesho yake. Ni mwanamke wa Memphis, anaitwa Charisse. Aliniomba radhi kwa adabu, akasema hawezi kuziachia, kwani mchezaji yule ni baba yake. Mwisho wa Oktoba anatimiza miaka sitini, na hana hata kadi moja. Aliyokuwa nayo bibi yao iliharibika siku maji yalipoingia nyumbani. Alitaka kumpa yeye moja na wajukuu wake watano moja moja, na amezitafuta kwa miaka minne. Halafu akaandika maneno ambayo nayajua kwa moyo: “Kuna mtu anazimeza zote. Simjui, wala sijui anamtakia nini baba yangu.”

Corinne aliniona nimekaa mbele ya kompyuta akaniuliza ni nani amekufa.

Nilimjibu yule binti kwamba ninazo nyingine, na kwamba nitazileta mwenyewe kwa mkono. Nilitia sahihi jina la Orrin tu. Corinne nilimdanganya kwamba kuna maonyesho Memphis. Siku ya safari nilipakia boksi kwenye kiti cha abiria, nikalifunga mkanda, nikaendesha kwa muda wa saa tisa na kulala kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara. Mara mbili nilipunguza mwendo nikitafuta pa kugeuza gari. Sikugeuza. Nilikuwa nimegeuza miaka arobaini na mmoja.

Rayford ana karakana ya kushona viti vya magari. Charisse alinipokea mlangoni, akaliona boksi, akafurahi sana, akaniambia baba yake asilione kwanza. Nikamwambia kwamba lazima alione. Tukaingia. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mtu mnene mwenye mvi, mshono umenyooka kama umepigwa rula, jicho la kushoto limefumba. Nikamtajia jina langu lote. Hakuinuka. Alimaliza mshono hadi mwisho, akakata uzi, ndipo akanigeukia.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nikayaacha yote. Nikasema, “Mpira haukuniponyoka. Nilikulenga.”

Dada yangu, hilo ndilo nililokuandikia barua hii. Haukuteleza. Haukuwa na jasho. Sikukosea.

Yeye hakushtuka. Aliniambia polepole, “Najua. Ulipoutoa mkononi nilikuwa bado na macho mawili.”

Charisse alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyesogelewa na mbwa asiyemjua. Baba yake akaniuliza kwa nini, nami nikamweleza, kama ninavyokueleza wewe sasa. Ilikuwa Jumapili alasiri, na baba yetu, ambaye msimu mzima hakuja kunitazama kwa sababu ya ng'ombe, siku hiyo alikuja. Zamu ya tatu Rayford aliupiga mpira wangu ukavuka uzio na maegesho ya magari, ukaangukia barabarani. Nikatazama jukwaani. Baba alikuwa amesimama, amevua kofia, anampigia makofi. Mimi hakuwahi kusimama kunishangilia hata siku moja. Rayford aliporudi kupiga mara ya pili nilimtupia usoni. Nilitaka aanguke chini, aogope, baba amwone akiogopa. Sikutaka jicho lake. Lakini nilitaka kila kitu kilichotangulia jicho, na mkono wangu ulitii.

Na halikuishia hapo. Mtu wa ligi alipokuja kuuliza, nilisema mpira uliteleza kwa jasho, na kwamba mpigaji mwenyewe aliinama mbele akaufuata. Gazeti likaandika hivyohivyo. Kocha wake akamwambia ajilaumu mwenyewe. Rayford aliniambia kwamba mama yake aliishi miaka ishirini na saba baada ya hapo, na hadi anazikwa alikuwa akimuuliza, “Mwanangu, lakini kwa nini uliinama?”

Kisha akaniuliza ni nani mwingine niliyemwambia. Nikasema hakuna.

“Basi bado hujasema,” akanijibu. “Mimi si wa kuambiwa, mimi nilikuwepo. Waambie wale uliowaambia ule uongo. Anza na wa nyumbani kwako.”

Alilivuta boksi karibu, akachukua kadi moja, akaitazama muda mrefu mbele ya dirisha. Nikadhani ataniuliza kwa nini nilikuwa nazo zote zile. Alisema tu kwamba kofia ile haikuwa yake, aliazima kwa mwenzake. Akalifunika boksi, akaliweka chini ya cherehani, upande wake. Hakunipa mkono, nami sikuunyoosha. Charisse alinisindikiza hadi mlangoni, akasimama hapo mpaka gari langu lilipoingia barabarani.

Nilianza na Corinne. Hakuniongelesha siku tatu. Ya nne akaniuliza, “Arlys anajua?” Nikasema hapana. Akaniletea karatasi hizi.

Sasa nifike kwako, maana wewe nilikukosea zaidi ya kukudanganya. Wendell Jurgens ndiye aliyekuwa akiandika matokeo siku ile, amekaa nyuma ya wavu, hakuna aliyeona vizuri kuliko yeye. Siku ya Jumanne alikuambia kwamba nilimlenga yule kijana. Ulikuja jikoni kwa mama ukiwa umekunja ngumi, na pete yake ya uchumba kidoleni, ukaniambia, “Orrin, nitakuuliza mara moja tu, na ukinijibu sitakuuliza tena maishani. Ulimlenga?” Nilikuwa nakula pai. Nilimeza kwanza. Nikasema mpira uliteleza. Kesho yake ukamrudishia Wendell pete yake, ukamwambia huwezi kuolewa na mtu anayemwita ndugu yako mwongo na mkatili. Nilikuona kutoka dirishani ukitoka na ukirudi. Nilikuwa na dakika ishirini nzima za kukukimbilia barabarani.

Na ulitimiza neno lako, hukuniuliza tena. Ulipogombana na watu kanisani kwa ajili yangu, nilikuwa kimya. Ulipouambia ukoo mzima kwamba niliacha besiboli kwa sababu moyo wangu ni mwororo, nilikuwa kimya pia. Niliacha kwa sababu kila nikiinua mkono nilijua ni mkono wa nani.

Uliniuliza, nami nakujibu. Ndiyo, nilimlenga. Wendell alisema kweli.

Wendell nimemwandikia pia. Yuko Nebraska, ana mke na wajukuu, na barua yangu haitamrudishia yeye wala wewe kitu chochote. Lakini alitoka katika mji huu akiitwa mzushi, na jina lake si langu la kukaa nalo. Gazeti nalo nimeliandikia, na mhariri ameniambia kwa simu kwamba atayachapa maneno yangu Alhamisi ya wiki ijayo, pamoja na picha ya Rayford. Nimeomba wasiniandikie la kunitetea. Watakupigia simu watu, Arlys, wengine kwa huruma, wengine kwa umbea. Nilitaka uwe umeyasikia kwangu kwanza, hata kama kwanza yangu imechelewa hivi.

Sikuandiki ili unisamehe wiki hii, au mwaka huu. Ukitaka kunipigia unitukane, piga. Nitasikiliza hadi utakapokata wewe. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kadiri upendavyo, kwani hata hilo nina deni lake kwako. Nitazitia barua zote tatu kwenye sanduku la posta kesho kabla ya kifungua kinywa, nisije nikashiba nikapata akili.

Corinne anakusalimu na kukukumbatia, na ameniagiza niandike kwamba salamu hizo ni zake mwenyewe, hazimo ndani ya zangu. Wasalimie wenzako wa kwaya. Tunza goti, na usipande ngazi ukiwa umebeba vitu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwamini badala ya Wendell,

Orrin