Dakika Kumi na Mbili za Mkanda wa Tatu

Baba,

Nimeketi nyuma ya nyumba ya mama hapa Bwera, karibu na ulipolala. Mama amefunga nguo zangu kwenye kitenge. Anataka nivuke mto Lhubiriha leo, niende kwa shangazi upande wa pili wa mpaka, nikae huko mpaka watu wa kiwanda cha shaba kule Kasese wanisahau. Kabla sijamjibu yeye, nataka kukueleza wewe nilichofanya.

Walikuleta ukiwa umefungwa kwenye turubai, pamoja na karatasi moja iliyopigwa taipu: marehemu Bwambale aliingia chini ya mkanda wa tatu wa kubebea mawe bila kuuzima. Uzembe, waliandika. Wewe! Wewe uliyekuwa ukizima redio kabla ya kuifuta vumbi. Na msimamizi wako, Sebastiano, alikuja mazishini na viatu vinavyong'aa, akamshika mama mkono. "Pole, mama. Kazi ya mashine haitaki haraka." Mama akamshukuru. Shukrani zile sijazisahau.

Mwaka uliofuata mafundi wa Kihindi waliondoka nchini, na kiwanda kikabaki na mashine nyingi kuliko watu. Wakaanza kuajiri hata wasichana waliofika sekondari. Nikaenda. Mama alidhani natafuta kazi. Nilikuwa namtafuta Sebastiano. Aliniuliza jina, nikasema Masika. Hakuuliza Masika wa nani. Kila nyumba ya Wakonzo ina Masika wake.

Akaniweka mbele ya ubao wako wa swichi, niandike namba za mita. Baba, nusura nicheke. Kila kitu nilikijua. Taa ya kijani, mashine inatembea; nyekundu, imesimama. Chini ya taa mita, chini ya mita vitufe viwili. Ulivichora vyote kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni kule Mahango tulikokuwa tukiishi, nikiwa darasa la tano, ukinifundisha kusoma mashine nisiyoiona. "Mshale ukipanda polepole, mashine imekabwa. Usingoje ipige kelele. Zima, halafu ndio uulize." Ulinijaribu Jumapili nzima: mkanda huu umepanda, pampu ile imeshuka, unazima ipi kwanza? Nikikosea ulicheka mpaka kofia ikadondoka.

Kwa miezi saba nilimsikia Sebastiano akiwahubiria wafanyakazi wapya, amesimama hatua mbili nyuma yangu. "Zima kwanza. Musikuwe kama Bwambale." Nao wakacheka kidogo, kumfurahisha. Mimi nimewapa mgongo, naandika namba, nauma shavu kwa ndani mpaka naonja damu. Nilitaka afe. Sitakupambia maneno. Nilitaka afe, na nilitaka ajue ni mimi.

Unaikumbuka ile kalamu ya kwenye ubao, inayochora umeme wa kila mkanda juu ya karatasi ya duara? Karatasi moja kwa siku, za zamani zinatupwa stoo. Nilizichambua saa za chakula, wiki tatu, mpaka nikapata ya siku yako. Mstari wa mkanda wa tatu unapanda polepole, kisha unaanguka hadi sifuri. Ulizima, Baba. Unabaki sifuri dakika kumi na mbili. Halafu unaruka juu. Nani aliuwasha, ikiwa wewe ulikuwa chini na koleo, ukizibua? Kitabu cha zamu kinataja watu wawili tu chumbani siku ile: wewe na yeye.

Ningeipeleka kwa nani? Shemeji yake ni afande kule kambi ya jeshi. Karatasi ingechomwa, na mimi pia sijui ningeishia wapi. Nikaikunja, nikaishona ndani ya gauni, nikangoja.

Jumanne ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mawe ya shaba yakaingia na tope lake. Saa nne mshale wa mkanda wa tatu ukaanza kupanda. Nikazima. Taa ikawa nyekundu. Wa kwenda chini kuzibua hawakuwepo. Mmoja mgonjwa, wengine wametoroka. Sebastiano akatukana, akatundika juu ya kitufe cha kijani kibao cha "Watu wako chini", akachukua koleo mwenyewe. Mlangoni akageuka.

"We musichana, usiguse kitu yoyote."

"Ndiyo, bwana."

Nikabaki peke yangu. Nilikiondoa kibao. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kijani. Kilikuwa baridi. Niliwaza mke wake akiletewa turubai, akiletewa karatasi iliyopigwa taipu. Niliwaza mtu akimshika mkono na kumwambia pole. Baba, mkono huu ulitaka. Mpaka leo unataka.

Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba angekufa bila kusema.

Nikakirudisha kibao, nikabonyeza honi. Ile inayolia mkanda unapokaribia kuwashwa. Siku yako ilikuwa mbovu. Waliitengeneza wiki moja baada ya kukuzika. Niliiacha ilie, ilie.

Alipanda ngazi kwa mikono na magoti, kiatu kimoja kimebaki chini, tope mpaka kifuani. Nyuma yake wakaja mbio watu wa mashine za kusaga mawe, waliosikia honi.

"Nani? Nani anataka kuwasha? Kibao iko pale! Nimeweka kibao mimi mwenyewe! Munataka kuniua kama Bwambale?"

Wote walisikia. Hata yeye alisikia alichosema.

Nikageuka. "Bwambale si aliingia bila kuzima, bwana?"

Nikachana upindo wa gauni mbele yao wote, nikaitoa karatasi ya duara, nikaibandika juu ya ubao na kuupitisha ukucha kwenye zile dakika kumi na mbili. "Mimi ni Masika wa Bwambale. Baba alizima. Wewe uliwasha."

Mzee Muhindo, uliyekuwa ukila naye mihogo, akavua kofia yake ya kazi akaiweka sakafuni. Akafuata mwingine. Sebastiano akakaa chini. "Nilifikiri ameshatoka," akasema. "Wakubwa walikuwa wanataka tani nyingi za shaba." Alitetemeka, na mimi nilifurahi. Nilimwangalia kila alipotetemeka. Kisha nikazima mashine zote, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ulionifundisha, mpaka ubao mzima ukawa mwekundu.

Alasiri hiyohiyo gari la jeshi lilifika kwenye chumba nilichopanga. Muhindo alikuwa amekwisha kunipakia kwenye lori la samaki lililotoka Katunguru. Leo ni siku ya tisa nipo hapa.

Jana Muhindo alikuja. Anasema watu wamekataa kugusa swichi Sebastiano akiwa chumbani, kwa hiyo wamemhamishia ofisini. Amepewa kiti na feni! Na kwenye jalada lako bado imeandikwa uzembe. Mama ananiambia, "Umekwisha kumwaibisha, unataka nini tena?" Nataka iandikwe kwamba ulizima. Nataka aliyeandika ile karatasi ya kwanza aandike nyingine kwa mkono wake, na jina la Sebastiano liwe ndani. Muhindo na wenzake kumi na mmoja wametia dole gumba kwenye barua. Jumatatu tunaingia ofisini kwa wakubwa pamoja, na karatasi ya duara ninayo.

Kwa hiyo sivuki. Mama atalia, naomba umtulize kama unaweza. Najua gari lile linaweza kurudi. Naogopa, Baba, usidhani siogopi.

Nakuahidi hivi: nitakuja hapa na karatasi mpya, nitakusomea kwa sauti mpaka majirani wasikie. Wakikataa Jumatatu, nitakwenda Jumanne.

Lala sasa. Na kama Sebastiano atatangulia kufika huko, aje akupigie magoti, mwache apige. Mimi sijamsamehe. Usimsamehe kwa niaba yangu.

Binti yako,
Masika