Tangi la Katito Lisijazwe Jumamosi

Kisumu,
Jumatano.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wote waliomo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Kaka Tom aliniambia umerudia kubeba maji kwa kichwa, nikaona heri nisikupigie siku hiyo nikiwa na hasira. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenipa kisogo wiki hii. Barua hii ataileta Zacchaeus, anayepita hapo Katito kesho, kwa sababu simu yako unaipokea kwa sauti ya juu hadi majirani wanaitikia. Isome ukiwa peke yako.

Naanza na lililo zito. Jumamosi tangi la kikundi chenu cha akina mama lisijazwe maji, hata nusu. Nakuomba kama mtoto wako, na pia kama mtu aliyesomea kazi hii kwa jasho lako.

Mliponiomba nihakikishe kwamba mnara utalibeba lile tangi, wengi wenu walidhani nitakuja na nyundo. Kumbe kazi niliifanya hapa chuoni, mbele ya kompyuta. Tunachora chuma kwenye kioo, tunakipa tabia zake, kisha tunakivuta huku na huku. Kinarefuka, kinakonda katikati, mwishowe kinakatika, na hakuna anayeumia. Vile vyuma vyembamba vinavyopishana kati ya miguu ya mnara ndivyo vinavyovutwa zaidi upepo ukipiga tangi lililojaa. Nilivivuta vyote, vikastahimili, nikaandika kwamba kazi ni salama na kutia jina langu.

Lakini kompyuta haikijui chuma, Mama. Inajua unachoiambia tu, nami niliiambia yaliyokuwa kwenye karatasi ya sifa za chuma aliyoniletea shemeji Oketch, fundi wa mnara. Angekuwa fundi mwingine, ningemtaka akate kipande mbele yangu nikakipime. Kwa Oketch nilishindwa. Ni mkwe wetu, huwa tunamchinjia kuku. Ningeanzaje kumdai ushahidi? Heshima ilinifunga mdomo, na katika kazi hii heshima ya namna hiyo ni uzembe.

Jumapili nilikwenda Kisian kumwona mtoto wa dada Dorca, nyumbani kwake na Oketch, nikarudi na kipande cha vile vyuma ndani ya begi. Nilikitia kwenye mashine halisi ya kuvutia vyuma, pale karakana ya chuo. Hakikurefuka. Kilikatika ghafla kama muhogo mkavu, mapema mno kuliko karatasi ilivyoahidi. Nikaipa kompyuta tabia hizo za kweli. Tangi likiwa tupu mnara unasimama, ndiyo maana mnauona umesimama. Likijaa na upepo ukavuma, chuma cha kwanza kinakatika na vingine vinakifuata. Nimerudia hesabu hiyo nikiomba kosa liwe langu. Kila nikiutazama mnara ule ukianguka kwenye kioo, nawaona mmepanga mitungi chini yake, na wewe mbele kwa kuwa ndiwe mwenyekiti. Naogopa, Mama.

Nilimpigia Oketch. Alicheka, akasema nusu ya mageti ya Kisumu ni kazi ya mikono yake na hakuna hata moja lililomwangukia mtu. Nilipomjibu kwamba geti halibebi maji, alikiri kwamba chuma cha kwenye karatasi alikikosa, akanunua kingine kwa muuza vyuma chakavu, kwa macho vinafanana. Aliapa atavibadilisha baada ya sherehe ya Jumamosi ya kulizindua tangi, maana wageni wameshaalikwa na hawezi kuaibika mbele ya ukweni. Kisha akauliza ni nani aliyenipa kipande. Nikamwambia nilikiiba.

Najua huwezi kusimama uso kwa uso na mkwe wako ukamkemea. Kwetu haifanywi, na sitaki uanze wewe. Basi mwite Magdalene, katibu wenu. Yeye si ndugu, atamwambia bila kuvunja kitu. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya kumpa, inayofuta neno langu la kwanza kwamba mnara ni salama. Fungeni bomba la kujazia, na mtu yeyote asikae chini ya mnara mpaka vyuma vibadilishwe.

Sasa lile nililokuwa nalizunguka. Sikuiba, Mama. Dorca ndiye aliyekitia ndani ya begi langu, amekifunga kwa nepi ya mtoto. Aliniambia polepole kwamba alimwona mumewe akivikunja vyuma hivyo, viwili vikapasuka palipokunjwa, naye akavitupa pembeni na kuendelea na kazi. Alisema mama yetu atasimama chini ya mnara ule. Hakuweza kuongeza neno, maana Oketch alikuwa mlangoni. Akijua, Dorca hana nyumba.

Kwa hiyo Oketch atakapowatuma wazee wake kwako, waje kusema kwamba binti yako mdogo ni mwizi asiye na adabu, usinitetee. Sema umesikia na umehuzunika. Sema nisikanyage tena Kisian, na useme kwa ukali, wakuamini.

Nisalimie Tom na akina mama wote wa kikundi. Dorca akija kukuona, usimuulize lolote. Mshike mkono tu, umkawize kidogo kabla hajarudi kwake.

Mungu akulinde, hasa Jumamosi.

Ni mimi bintiyo,
Adero